Robo Saa ya Kila Siku: Misingi ya Kinanda cha Injili

Kinanda cha injili hupigwa kwa ajili ya mtu anayeimba. Kanisani wimbo huanzishwa na kiongozi, mara nyingi bila taarifa, katika ufunguo unaoifaa sauti yake siku hiyo. Mpiga kinanda huitafuta Do, noti ya kwanza ya ufunguo huo, huingia, kisha humfuata mwimbaji hadi mwisho, hata pale kiitikio kinaporudiwa mara nyingi kuliko ilivyopangwa. Kwa hiyo anayejifunza mtindo huu hahitaji kukariri vipande vizima vya muziki. Anahitaji miondoko michache ya mikono itakayomtumikia katika mamia ya tenzi na mapambio. Miondoko hiyo ni michache kuliko wengi wanavyodhani, na kila mmoja unaweza kufanyiwa kazi ndani ya robo saa.

Mtindo wenyewe ulizaliwa katika makanisa ya Wamarekani Weusi. Mwaka 1926, jijini Chicago, mpiga piano na mwimbaji asiyeona, Arizona Dranes, alirekodi nyimbo za Kipentekoste kwa mapigo ya piano yaliyokuwa yakisikika katika kumbi za starehe. Thomas A. Dorsey, aliyezaliwa Georgia mwaka 1899, alimpigia piano mwimbaji wa blues Ma Rainey kabla ya kujitoa kwa muziki wa kanisa. Mwaka 1932, baada ya kufiwa na mkewe aliyekuwa akijifungua, na mtoto naye kufariki, alitunga “Take My Hand, Precious Lord”. Miaka mitatu baadaye ogani ya umeme ya Hammond iliingia sokoni, na makanisa yasiyomudu ogani kubwa ya mabomba yakapata sauti inayoweza kulia, kunong'ona na kupaa. Urithi wa watu hawa unasikika hadi leo katika mambo matatu: besi inayotembea, noti za blues zinazoteleza, na mapigo yanayogawanyika katika tatu.

Afrika Mashariki ilipokea muziki wa kanisa kwa njia nyingine, na njia hiyo ni mtaji mkubwa ambao wanafunzi wengi hawajui kuwa wanao. Solfa, yaani kuziita noti do, re, mi, fa, so, la na ti, iliyoanzishwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen, ililetwa na wamisionari, nayo kwaya nyingi bado zinaitumia kufundishana sauti nne. Wapiga kinanda wa injili wa Marekani huzitaja kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, kwa namba: moja, nne, tano. Moja ni kodi inayojengwa juu ya Do, nne juu ya Fa, tano juu ya So. Fikra ni ileile ya solfa: kila sauti hutajwa kwa nafasi yake kutoka Do. Mwanakwaya aliyezoea kusoma solfa tayari amebeba nusu ya ramani kichwani. Kilichobaki ni kuishusha vidoleni.

Kwa nini kidogo kila siku

Mwaka 1978 watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Kati ya makundi yao, moja lilijizoeza saa moja kwa siku. Jingine lilikaa saa nne kwa siku, katika vipindi viwili vya saa mbili. Kundi la saa moja lilihitaji jumla ya takribani saa 35 kuzijua herufi zote. La saa nne lilihitaji karibu saa 50 kufika palepale. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kundi la saa moja, ambalo kila saa yake ilizaa zaidi, ndilo lililoridhika kidogo kuliko yote na mafunzo yake. Liliona siku zinakwenda na kazi haiishi.

Kila mpiga kinanda anayeanza hupitia hali hiyo. Robo saa huonekana haitoshi kitu. Saa tatu za Jumamosi, kabla au baada ya mazoezi ya kwaya, ndizo huonekana kuwa kazi ya kweli. Lakini vidole vinavyoguswa mara moja kwa wiki huanza upya kila wiki. Utafiti mwingine, uliochapishwa na Matthew Walker na wenzake mwaka 2002, ulionyesha kwamba watu waliojifunza mfululizo wa miguso ya vidole waliongeza kasi kwa takribani asilimia 20 baada ya usingizi wa usiku mmoja, bila mazoezi ya ziada. Anayepiga siku sita kwa wiki huupa ubongo nafasi sita za namna hiyo. Wa Jumamosi huupa moja.

Kikwazo halisi mara nyingi ni chombo. Kinanda ni mali ya kanisa, hufungiwa ofisini, na ufunguo anao mzee wa kanisa au mwalimu wa kwaya. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi ya mwanzo haihitaji sauti. Kupanga vidole na kuhama kutoka kodi moja hadi nyingine kunaweza kufanyika juu ya meza, na programu ya piano ya simu inatosha kusikiliza kama so-do-mi imekaa sawa. Ndani ya daladala au matatu mtu anaweza kusikiliza wimbo unaopigwa na kujiuliza Do iko wapi, kisha besi imekwenda Fa au So. Mazoezi haya ya sikio ni mazoezi kamili. Pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, maana kanisani hakuna atakayemwandikia mpiga kinanda kodi za pambio lililoanza dakika hii.

Anayepata chombo chochote, hata kidogo cha vitufe 61, ana nafasi ya kutosha kwa yote yaliyomo katika sura hii.

Kodi tatu zisizoruka

Anayeanza hujifunza kodi ya C kwa kupiga C, E na G, kisha F kwa F, A na C, kisha G kwa G, B na D. Anapohama, mkono mzima huruka, na wimbo hukatika kila anaporuka. Dawa yake ni kuzigeuza kodi ili mkono wa kulia ubaki mahali pamoja. Katika ufunguo wa C, ambamo Do ni C, kodi ya moja ipigwe so-do-mi, yaani G, C na E. Ya nne ipigwe la-do-fa: A, C na F. Hapo C haijaondoka. Ni vidole viwili tu vilivyopanda, kila kimoja hadi kitufe cheupe kinachofuata. Ya tano ipigwe so-ti-re: G, B na D. Mkono wa kushoto unapiga noti moja tu ya besi: Do, Fa au So.

Siku za mwanzo zitumike kwa mwondoko mmoja: moja kwenda nne na kurudi moja. Ni mwendo ambao masikio ya waumini yanaujua tangu utotoni, kwa kuwa ndio unaofunga tenzi nyingi kwa neno “Amina”. Katika injili mwendo huo haungoji mwisho. Hupigwa katikati ya mstari, wakati mwimbaji ameshikilia noti ndefu: besi hubaki Do, mkono wa kulia hupanda la-do-fa na kushuka tena so-do-mi. Wimbo uliokuwa umesimama unaanza kupumua. Mpigaji mwenye mwondoko huu pekee, akiupiga kwa wakati wake, tayari anasikika kama mtu wa kanisani.

Zoezi lifanyike kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa mshale wa sekunde wa saa ya ukutani. Kodi moja ishikwe mapigo manne, nyingine manne. Haraka isipewe nafasi. Kosa linalorudiwa kwa kasi hujifunzwa kama jambo sahihi linavyojifunzwa, na kulifuta huchukua muda mrefu kuliko ulivyochukua kuliingiza. Mikono ikishahama bila kutazamwa, kodi ya sita yenye huzuni inaongezwa: A, C na E juu ya besi ya La. Kwa kodi hizi nne mpigaji anaweza kusindikiza mapambio mengi sana ya kusifu na kuabudu.

Besi inayopanda

Hapa ndipo kinanda cha injili kinapojitenga na kinanda cha tenzi za kawaida, na hapa ndipo panapostahili wiki kadhaa. Besi haibaki Do ikisubiri kuruka hadi Fa. Inatembea, na kila hatua ya besi huipa kodi ya juu maana mpya. Mfululizo mmoja unabeba karibu siri zote za mtindo huu. Besi yake ni do, mi, fa, fe, so, la, re, so, do. Wanaosoma solfa wanaijua “fe” kuwa ni fa iliyopandishwa nusu hatua. Katika ufunguo wa C ni F shapu, kitufe cheusi.

Mkono wa kulia uanze na mi-so-do juu ya besi ya Do. Besi ikienda Mi, kulia kuwe so-ta-do. Ta, yaani B flati, ndiyo inayolivuta sikio kuelekea kodi ya nne. Besi ikigusa Fa, kulia kunashuka fa-la-do: do imebaki mahali pake, mbili nyingine zimeshuka. Kisha inakuja hatua yenye utamu wake wa pekee. Besi inapanda nusu hatua hadi fe, na juu yake fa inashuka hadi ma, ambayo ni E flati, huku la na do zikitulia. Kodi hii inasikika kama swali lisilovumilia kukaa. Jibu lake ni besi ya So na mi-so-do upande wa kulia: ma imepanda kuwa mi, la imeshuka kuwa so.

Wengi huishia hapo, na ibada haipungukiwi kitu. Mwenye hamu ya kuendelea anahitaji kidole kimoja tu: besi iende La, na upande wa kulia do ipande nusu hatua iwe de, yaani C shapu, mi na so zikiwa zilezile. Kisha besi iende Re na kulia kuwe re-fe-do. Vidole vyote vitatu vimeshuka kidogo. Besi iende So na kulia kuwe re-fa-ti. Re imebaki, nyingine zimeshuka nusu hatua kila moja. Hatimaye besi inarudi Do, na kulia kunatulia kwa do-mi-do. Hakuna mahali hata pamoja mkono wa kulia umeruka mbali. Anayetazama vitufe ataona nusu hatua zinazopishana. Anayesikiliza atasikia safari ndefu iliyorudi nyumbani.

Mfululizo huu usijifunzwe wote kwa siku moja. Siku ya kwanza iwe ya hatua mbili za mwanzo peke yake, zikirudiwa hadi zichoshe. Kesho iongezwe ya tatu, na kila hatua mpya iunganishwe na iliyoitangulia kabla ya kuguswa inayofuata. Inafaa pia kuanzia mwisho: mpigaji aliyezijua vizuri hatua za re, so na do ana mwisho wa wimbo tayari mkononi, na katika ibada mwisho uliopotea huonekana zaidi ya mwanzo uliositasita. Hatua hizo tatu za mwisho ndizo wapigaji huziita mbili-tano-moja, nao huzitumia pia katikati ya wimbo kila ubeti unapogeuka kurudi mwanzo.

Kuteleza na kugawanya pigo

Noti za blues ambazo Dorsey na wenzake walizileta kanisani hupigwa kwa kidole kinachoteleza. Katika ufunguo wa C, kidole cha pili kiguse E flati, kitufe cheusi, kisha kiteleze mara moja hadi E. Noti ya kwanza ni fupi kiasi kwamba haihesabiki. Ikikaa zaidi husikika kama kosa. Ikipita haraka husikika kama sauti ya mwimbaji anayeingia kwenye noti kutoka chini yake. Ipigwe mara moja au mbili katika ubeti. Wanaoanza kuipenda huijaza kila mahali, na hapo hupoteza nguvu yake yote.

Mgawanyo wa pigo ni suala zito zaidi. Nyimbo za injili za mwendo wa taratibu hugawanya kila pigo katika sehemu tatu zilizo sawa. Besi hupiga ya kwanza, kodi ya kulia hujibu ya pili na ya tatu. Au kodi hupigwa katika sehemu zote tatu, ya kwanza ikiwa na uzito. Mwanafunzi aliyezoea mapambio ya haraka na sebene, ambamo pigo hugawanyika mbili na nne, atahitaji kukaa na hesabu hii kwa siku nyingi. Ahesabu kwa mdomo, moja-mbili-tatu ndani ya kila pigo, huku mguu ukigonga ya kwanza tu. Robo saa nzima inaweza kuishia kwenye kodi moja isiyobadilika, na haijapotea.

Wimbo wa kuanzia nao ni “Amazing Grace”. Sauti yake inatumia noti tano tu, do, re, mi, so na la, kwa hiyo inaweza hata kupigwa yote kwa vitufe vyeusi. Pia una mapigo matatu, na unaenda polepole kiasi cha kuruhusu besi itembee. Mpigaji aimbe mwenyewe anapopiga. Asipoweza kuimba na kupiga kwa pamoja, maana yake mikono bado haijawa huru, na haitakuwa huru mbele ya kiongozi wa sifa.

Chini ya maombi

Sehemu ya kazi ambayo hufundishwa mara chache ni kupiga wakati watu wanaomba au mhubiri anamalizia neno. Hapa vidole vinahitaji kidogo sana, na sikio linahitaji mengi. Sauti ya ala za nyuzi, ile inayoandikwa strings kwenye vinanda vingi, ipunguzwe hadi maneno yasikike bila kushindana na chochote. Kodi ya moja na ya nne zibadilishane polepole, ya sita ikiingia mara chache. Sauti za juu ziachwe. Mhubiri akipaza sauti, kinanda kinaweza kupanda naye. Akinyamaza, hakuna haja ya kuujaza ukimya. Zoezi la nyumbani ni rahisi: kucheza mahubiri yaliyorekodiwa kwenye simu na kupiga chini yake kwa dakika tano, bila kufunika hata neno moja.

Funguo nyingine

Vinanda vya umeme vina kitufe kinachohamisha ufunguo, na kimewaokoa wapigaji wengi Jumapili asubuhi. Kimewafunga wengi pia. Kuna wanaopiga miaka kumi wakiwa katika C peke yake, na siku wanapokutana na piano ya kawaida isiyo na kitufe hicho wanakuwa wageni. Hata kwenye kinanda chenyewe, kusahau kukirudisha sifuri huharibu wimbo unaofuata mbele ya kanisa zima. Kitufe kitumike kwa dharura, lakini mazoezi ya kila siku yafanyike bila hicho.

Hili halina ugumu unaodhaniwa, kwa sababu kila kilichoelezwa hapa kimefikiriwa kwa solfa. So-do-mi kwenda la-do-fa ni mwendo uleule popote Do ilipo. Ufunguo wa G na wa F huja kwanza, kwa kuwa kila mmoja unahitaji kitufe cheusi kimoja tu. Baada yake zifuate E flati, A flati na D flati, zinazopendwa sana na wapigaji wa injili wa Marekani. Ufunguo mmoja ukae wiki moja au mbili: siku za mwanzo moja na nne, kisha tano na sita, kisha besi inayopanda.

Mwenye funguo mbili zinazopakana anaweza kupandisha wimbo nusu hatua, jambo ambalo kwaya hulifanya kabla ya ubeti wa mwisho. Kutoka C kwenda D flati, kodi ya kupitia ni A flati, C, E flati na G flati, besi ikiwa A flati. Ndani yake imo C, iliyokuwa Do ya waimbaji muda mfupi uliopita. Katika ufunguo mpya noti hiyohiyo ni Ti, na Ti huvuta kwenda Do iliyo nusu hatua juu yake. Kodi hiyo ishikwe mapigo manne kamili, ili waimbaji waisikie na kuipata Do mpya kabla ya kufungua midomo. Ikikatwa mapema, nusu ya kwaya hubaki chini. Mpigaji aizoeze kwanza peke yake, akiimba Do ya zamani, akiigeuza kuwa Ti na kupanda; kisha aipeleke kwenye mazoezi ya kwaya na kuirudia na waimbaji mara kadhaa kabla ya kuitumia katika ibada.